Gatimu na Kanuni ya Kelele

Msumeno haumjui mwenye mbao. Ukisukumwa hukata, ukivutwa hukata, na kidole kikiupitia njiani nacho hukatwa, hata kiwe cha fundi yule yule aliyeunoa asubuhi. Ndiyo maana wazee wetu walipotaka kuieleza sheria hawakuifananisha na panga, ambalo makali yake yako upande mmoja. Anayetunga sheria ya kuwabana wenzake na ajue kuwa naye yumo ndani. Peterson Gatimu wa mjini Nyeri aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na hata aliwahi kuiandikia insha iliyosifiwa na mwalimu. Lakini kuijua methali ni jambo moja, kuionja ni jingine.

Gatimu alikuwa na duka la mbolea na dawa za mifugo karibu na soko. Siku za wiki alikuwa mpole kama kondoo, akiwaeleza wakulima kwa subira namna ya kuchanganya dawa ya kupe. Jumamosi ikifika alivaa kofia, akatia filimbi shingoni, akawa Kocha. Timu yake ya wasichana iliitwa Tai, nayo ilishindana na timu za Majengo, Naro Moru na Kerugoya katika ligi ndogo ya softiboli ya kasi. Katika mchezo huo mrushaji huzungusha mkono mzima kama gurudumu, kisha huuachilia mpira kutoka chini ya kiuno, nao huja ukivuma kama nyuki aliyechokozwa. Mpigaji huungoja na gongo lake, akiomba macho yasimdanganye. Mrushaji wa Tai alikuwa Nyawira, binti yake Gatimu, msichana mrefu, mchache wa maneno.

Timu iliyomnyima Gatimu usingizi ilikuwa ya Majengo. Haikuwa kwa sababu ya kocha wao, Othmani, kinyozi mtulivu aliyefundisha mchezo kwa sauti ya kunong'ona kana kwamba ananyoa mtoto. Haikuwa hata kwa sababu ya Aaliya, mpigaji wao hodari. Tatizo lilikuwa bibi yake Aaliya, Bi Waridi, aliyeuza viazi karai na bajia karibu na msikiti. Miaka mingi ya kuwaita wateja ilikuwa imempa sauti ya tarumbeta. Bi Waridi alipofungua kinywa uwanjani, wasichana wa Tai waliangusha mipira kama maembe yaliyoiva, na mwamuzi mmoja aliwahi kuhesabu vibaya kwa kuchanganyikiwa.

Basi kabla ya msimu mpya, makocha walipokutana kutengeneza kanuni, Gatimu alikuja amejiandaa. Mengine yalipita haraka: kofia ngumu kwa kila mpigaji, umri wa wachezaji, mvua ikinyesha ifanyweje. Kisha akasimama na kuisoma kanuni yake mwenyewe. Mtu mzima yeyote wa timu, awe mzazi, jamaa au kocha, atakayemfokea mwamuzi au mchezaji ndani ya uwanja, atatolewa nje ya lango, na mtoto wake atakaa kando mpaka zamu ile iishe.

Othmani aliinua mkono. Aliona si vibaya mtu akipewa onyo kwanza, kwa kuwa ulimi hauna mfupa. Gatimu akatabasamu kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Sheria yenye onyo ni mbwa asiye na meno," alisema. "Hakuna onyo. Hakuna msamaha. Anayeshindwa kunyamaza akae nyumbani."

Kanuni ikapita. Gatimu alitoka pale akitembea kifua mbele, na njiani aliwaza uso wa Bi Waridi utakavyokuwa.

Hakungoja sana. Tai na Majengo walipokutana mara ya kwanza msimu ule, Bi Waridi alijizuia kwa muda, akitafuna upindo wa leso yake. Lakini Aaliya aliposhika gongo, mapenzi yalimzidi nguvu.

"Aaliya, mwanangu, upige kama unafukuza paka jikoni!"

Hakumtusi mtu. Hata hivyo kelele ni kelele. Gatimu alimkimbilia mwamuzi akiwa ameishika karatasi ya kanuni juu kama bendera. Bi Waridi akaongozwa hadi langoni, Aaliya akaketi kando akilengwalengwa na machozi, na Majengo wakashindwa. Othmani alipita karibu na Gatimu akasema kwa ile sauti yake ya kinyozi kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Gatimu alicheka tu.

Tangu siku hiyo alikuwa mlinzi wa kanuni hiyo kuliko mtu yeyote. Huko Naro Moru, baba mmoja aitwaye Mburu, mchukuzi wa mizigo ya wapanda mlima, aliona mtoto wake akikosea akapaza sauti, "Yesu!" Ukazuka ubishi kama sala ni kufoka. Gatimu, ambaye timu yake haikuwa hata ikicheza, alitoa maoni kwamba maombi yakielekezwa kwa Mungu lakini yakasikiwa na mwamuzi, ni kelele. Mburu akatolewa nje pamoja na sala yake.

Msimu ulisonga hivyo hadi fainali, na waliofika fainali walikuwa Tai na Majengo. Mshindi angekwenda Kisumu kwenye mashindano ya nchi nzima. Wasichana wa Tai walikuwa wamekwisha kugawana viti vya basi ambalo halijakodiwa. Nyawira, ambaye hakuwa na desturi ya kuomba kitu, alimwambia baba yake kwamba kitu kimoja tu alichokitaka mwaka huu ni kwenda Kisumu.

Asubuhi ya fainali mama yake Gatimu, Wacera, ambaye wajukuu walimwita Cucu, yaani bibi, alifika kutoka Tetu akiwa na kiondo cha viazi vitamu. Alikuwa hajawahi kumwona mjukuu wake akicheza. Gatimu alipomwona, furaha na hofu vilimshika kwa pamoja, kwa maana mama yake aliimba kwaya kwa sauti iliyozimeza sauti za kwaya yote. Alimnunulia mfuko wa peremende, akamketisha mbali na uwanja, akamweleza kanuni mara mbili. Cucu aliuliza kama kupiga makofi kunaruhusiwa. Gatimu akasema ndiyo, kwa kiasi. Kikongwe akatia peremende mdomoni.

"Mimi nimenyamaza," akasema. "Na wewe ni nani atakununulia peremende?"

Gatimu alikuwa amekwisha kukimbilia wachezaji wake.

Mwamuzi siku hiyo alikuwa Shiro, msichana mwembamba kutoka Kerugoya aliyesimama nyuma ya mdakaji bila kupepesa macho. Mchezo ulikuwa mkali. Nyawira alirusha mipira iliyowaacha Majengo wakipiga hewa, lakini nao hawakukata tamaa, wakakusanya alama zao mojamoja kama kuku adonoaye. Cucu Wacera alikaa kimya kama maji ya mtungini, shavu moja limevimba kwa peremende. Kila mara Gatimu alimtupia jicho, akashusha pumzi.

Ilipofika zamu ya mwisho, Tai walikuwa mbele kwa alama moja tu, na Majengo ndio waliokuwa wakipiga. Wawili wao walikuwa wametolewa. Kama Nyawira angemtoa mmoja zaidi, mchezo ungekwisha. Lakini vituo vyote vitatu vilikuwa na wakimbiaji wa Majengo, na mpigaji aliyesimama mbele yake alikuwa amekwisha kurushiwa mipira mitatu mibaya, yaani iliyopita nje ya eneo la kupigwa. Mpira mbaya wa nne ungempa ruhusa ya kutembea bure hadi kituo cha kwanza, naye angewasukuma wenzake mbele, mmoja aingie nyumbani, kituo cha mwisho, na alama ya kusawazisha.

Nyawira alipumua. Mkono ukazunguka, mpira ukaja, mpigaji akauacha upite.

"Mpira mbaya," akasema Shiro. "Mpigaji atembee."

Kabla Gatimu hajajua miguu yake imempeleka wapi, alikuwa katikati ya uwanja, kofia imeanguka, mishipa ya shingo imemtoka kama mizizi.

"Shiro! Ati mbaya? Macho uliyaacha Kerugoya? Hata ng'ombe kipofu ameona hiyo!"

Gatimu aliisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka kwenye ukuta wa choo, kubwa kuliko tarumbeta ya Bi Waridi. Akageuka kumtazama mama yake. Cucu Wacera alikuwa akitafuna polepole, mikono mapajani, mtu asiye na hatia.

Shiro hakupandisha sauti. Alitoa karatasi ya kanuni mfukoni, akaisoma kanuni ile neno kwa neno: mzazi, jamaa au kocha. Kisha akanyoosha mkono kuelekea langoni, na kwa mkono wa pili akamwonyesha Nyawira pa kuketi.

Gatimu alijaribu kucheka. Akasema kwamba yeye ni kocha, si mtazamaji, na kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza. Akamgeukia Othmani akimwomba kwa macho. Othmani alikuna kidevu, akasema kwa upole kwamba angependa sana Kocha Gatimu apewe onyo, ila kanuni hiyo haina onyo. Aliwahi kuliomba likakataliwa. Watu walioangua kicheko walijiziba vinywa haraka, kwa sababu nao walikuwa na watoto uwanjani.

Hapakuwa na la kufanya. Gatimu akapita mbele ya binti yake bila kuthubutu kumtazama, akatoka nje ya lango.

Huko nje alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Kando ya ua wa michongoma, mahali palipokuwa na tundu la kuchungulia, alisimama Bi Waridi, jasho likimtiririka, akishangilia kwa nguvu zake zote. Alitulia kidogo alipomwona.

"Umefukuzwa?" akamuuliza.

"Nimefukuzwa. Na wewe?"

"Mimi nilitoka mwenyewe, mwanangu. Kanuni yako nimesomewa mara nyingi mpaka nimeihifadhi. Inasema ndani ya uwanja. Hapa ni barabarani." Akasogea kando. "Njoo, tundu linatutosha."

Basi wakachungulia pamoja, shavu kwa shavu na miiba. Mahali pa Nyawira aliwekwa Beth, msichana mwenye bidii lakini asiye na kasi ya Nyawira. Aliyemkabili alikuwa Aaliya. Bi Waridi alivuta pumzi, ua ukatikisika kwa sauti yake. Beth akarusha, mpira ukaja mwepesi, katikati kabisa, Aaliya akaupiga ukapaa juu ya vichwa vya Tai wote ukaangukia kwenye nyasi ndefu. Mkimbiaji wa Majengo akaingia nyumbani na alama ya ushindi. Mchezo ulikuwa umekwisha, na Kisumu ilikuwa imekwenda Majengo.

Bi Waridi alirukaruka barabarani kama kigori. Kisha akamwona Gatimu ameshika tama, akaacha kuruka. Hakumwambia pole. Alimpa tu upindo wa leso yake ajipanguse damu ya mwiba uliomchoma shavuni, akakimbilia ndani kumkumbatia mjukuu wake.

Nyawira alitoka baadaye, begi begani, Cucu akiwa nyuma yake. Gatimu akaanza kujitetea: kwamba Shiro ndiye aliyewaharibia, kwamba mpira ule ulikuwa mzuri na dunia nzima iliona.

"Baba," Nyawira akamkatiza, "hiyo mpira ilikuwa mbaya. Mimi ndio nilirusha. Nilijua ni mbaya hata kabla haijafika." Akakaza kamba ya begi. "Ningemtoa Aaliya. Nilikuwa nimejipanga vile nitamrushia. Sasa sitawahi kujua."

Hakulia wala hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Gatimu kuliko mwiba. Uso ukamsawijika. Alitembea na binti yake hadi nyumbani bila filimbi yake, maana aliivua shingoni akaitia mfukoni. Njiani aliomba msamaha, si kwa maneno mengi. Jumatatu alifunga duka mapema akasafiri hadi Kerugoya kumwomba Shiro msamaha pia. Inasemekana Shiro alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza bei ya mbolea.

Makocha walipokutana tena, Gatimu aliomba kanuni ya kelele iongezwe onyo. Othmani akamuuliza kama angeliomba onyo hilo iwapo Tai wangeshinda. Gatimu aliinamisha kichwa. Wenzake walidhani atatafuta njia ya kukwepa, maana ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Singeomba," akasema.

Jibu hilo ndilo lililowashawishi. Mikono yote ikainuliwa, onyo likaandikwa.

Na msimu mpya ulipoanza, Jumamosi ya kwanza, katika zamu ya kwanza, Nyawira akiwa bado anapasha mkono moto, mtu wa kwanza kabisa katika ligi nzima kupewa onyo hilo alikuwa Peterson Gatimu. Alifunga kinywa akakifungia kwa viganja viwili, binti yake akaendelea kurusha, na wote waliokuwa uwanjani, wenye elimu na wasio nayo, wakakubaliana bila kuambiana kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.