Kwaya Isiyokohoa

Palikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, wa mji mwingine kabisa, kwa hiyo msianze kugeuza shingo kulitazama benchi la kwaya. Mtu hodari, mwenye sikio kali, ila subira hakuwa nayo hata ya dawa. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Ijumaa, na kila Jumanne na Ijumaa alirudi nyumbani kavimba. Huyu kachelewa, yule anakohoa, wa besi wanapiga soga. Aliyemchosha kuliko wote ni mama mmoja wa sauti ya pili, muuza maandazi, mtu mzima, sikio lake moja zito. Wenzake wakiingia, yeye huingia baada yao kidogo. Kila wimbo! Akikemewa anajibu kwa upole kwamba anawasikiliza kwanza wenzake ndipo aingie.

Basi jamaa mmoja akamwekea mwalimu vyombo vya muziki vya bure kwenye kompyuta. Si vyombo vya kushika. Unabonyeza kitufe, kinanda kinalia; unabonyeza kingine, ngoma; kingine, watu wanaimba "aaa", sauti zote nne, safi. Jamani, waimbaji wasiochelewa, wasiokohoa, wasioomba ruhusa ya kwenda msibani! Nani asingevipenda?

Akatangaza kwamba mazoezi yamesimama. Atatengeneza demo, rekodi ya kujifunzia, nyumbani, atawatumia kwenye simu, kila mtu ajifunzie kwake. Jumapili demo itapigwa kwenye spika, na kwaya itasimama mbele ifuatishe kadiri ya uwezo wake.

Yule mama akamfuata hadi nyumbani. "Mwalimu wangu," akasema, "mimi simu yangu ni kitochi, hiyo demo haiingii. Nitajifunzaje?"

"Mama, wewe pumzika. Sauti yako nimeshaipata humu ndani. Tena hii haichelewi."

Mama akaitazama kompyuta, akacheka kidogo, akaenda zake. Mmesikia alivyoambiwa? Basi lishikeni neno hilo.

Mwalimu akajifungia chumbani. Simu akaizima isije ikalia katikati ya kurekodi, na ikakaa hivyo wiki nzima. Akapanga vyombo vyake, akavaa hedifoni, akaimba mwenyewe beti zote, kisha akarudisha mwanzo asikilize. Ubeti wa kwanza, sawa. Kwenye kiitikio akazikandamiza hedifoni masikioni. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamke, ndogo, ya mbali. Ilikuwa inaimba sauti ya pili, na ilikuwa inachelewa kidogo.

Akadhani kuna kitufe amekosea. Akainyamazisha ile kwaya ya kompyuta, sauti ipo. Akanyamazisha ngoma, akanyamazisha kinanda, akabaki yeye peke yake anaimba, na nyuma yake kuna mtu anamsubiri aanze neno ndipo amfuate. Alasiri hiyo, jua linawaka, kuku wanaparua uani, na mwanamume mzima anatetemeka kwenye kiti.

Akafuta, akaimba upya. Ikarudi. Kesho yake ikarudi tena, na mara hii wimbo ulipokwisha ile sauti ikavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyepanda mlima na mzigo. Mwalimu akajisemea kwamba vitu vya bure hivi hajui vimetoka kwa nani. Akaiwekea kompyuta mikono, akamkemea pepo mpaka sauti ikamkauka. Mnacheka, lakini na nyie mngekemea.

Pepo hakusikia. Mwishowe akakumbuka kwamba wanaorekodi nyumbani huziba vyumba vyao. Akachukua godoro, akalisimamisha dirishani, akalifunga kwa kamba. Akaimba. Akasikiliza mpaka mwisho, na hakukuwa na mtu. Akapiga magoti kushukuru kwa ushindi. Kisha akazifuta rekodi zote za mwanzo, isibaki hata chembe ya ile sauti.

Jumapili asubuhi yuko kanisani anafunga spika, akaingia binti wa yule mama, kajitanda kitambaa cheusi. Mwalimu akamwuliza mama hajambo. Binti akasema mama walimzika jana. Ni kifua. Walimpigia mwalimu tangu Alhamisi, hapatikani. Habari za misiba wanakwaya walizoea kupeana mazoezini, na mazoezi hayakuwepo, kwa hiyo walifika watatu tu, na hakukuwa na wa kuuanzisha wimbo. Mwalimu akakaa chini palepale, juu ya spika.

"Alikuwa anakuja kila alasiri kukaa chini ya dirisha lako, akufuatishe," binti akasema. "Siku ya mwisho alirudi amechoka sana. Akatuambia, mwalimu leo kaziba dirisha, nadhani ameona nimeshaujua wimbo." Akafuta macho. "Picha yake tunayo, mwalimu. Sauti hatuna. Lakini mwenyewe alituambia sauti yake unayo humo ndani. Tunaomba utuwekee tuisikie, hata kidogo."

Mwalimu akaifungua kompyuta. Vinanda vipo, ngoma zipo, waimbaji wa "aaa" wapo, hawajapungua hata mmoja. Sauti ya mama haipo. Aliifuta kwa mkono wake, tena akamshukuru Mungu.

Ibada ikaanza, demo ikalia. Sauti ya pili ilikuwa imejaa tele. Ungekuwapo, usingejua kwamba kuna mtu amekosekana.

Na sisi je? Sisi tunaomshangaa mwalimu, madirisha yetu hayana magodoro? Bibi anayerudia habari ileile, tunamwambia tumeshaisikia. Mgonjwa anayepiga simu kila siku, tunaiacha iite mpaka ichoke. Halafu nyumba ikitulia tunasimama hapa kutoa ushuhuda kwamba tuna amani. Amani gani hiyo, wapendwa? Kwamba hatusikii tena mtu akihema?

Siwaombi makubwa. Sauti ikikusumbua, kabla hujaikemea, toka nje ukaangalie ni nani amekaa chini ya dirisha lako. Nenda ungali unaweza kumkuta.

Sasa mnaweza kuligeukia benchi la kwaya. Jumanne mazoezi yapo. Atakayekohoa mpeni maji, na atakayechelewa, msubirini.