Mapigo Chumbani kwa Saumu

Apimaye kwa gumba hujisikia mwenyewe. Ndivyo Bibi Nimwaka alivyomwambia mwanafunzi wa uuguzi aliyemshika mkono pale zahanati, macho kwenye saa, kidole gumba juu ya mshipa. Wenzake wawili wakacheka, kisha wakamwuliza bibi msemo huo ameutoa wapi. Bibi akajiweka sawa kwenye benchi, maana dawa zilikuwa hazijafika na yeye hakuwa na pa kukimbilia. Akawaambia kwamba methali hii haikuzaliwa zahanati, ilizaliwa chumbani alimolazwa maiti, na ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kidimu, huko Udigoni, palikuwa na mwosha maiti aitwaye Bi Mishi. Kwa miaka thelathini aliwaosha wanawake wa kijiji kile, waliopendwa na waliosemwa, wala hakuogopa maiti hata mmoja. Waliomtania kwamba mikono yake ina ubaridi wa kaburi aliwajibu, "Mwosha huoshwa," kisha akaendelea kula.

Asubuhi moja aliitwa kwa Bi Mwanatumu, mjane mwenye binti mmoja tu, Saumu. Binti huyo alikuwa amefariki alfajiri. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu utotoni hakuweza kupanda kilima cha kisimani bila kuketi mara tatu, midomo imemgeuka rangi ya zambarau. Siku zile Kidimu hapakuwa na aliyejua kwamba moyo una vyumba, na kwamba damu ikitoka chumbani hupita mlango unaofunguka upande mmoja tu, ili isirudi ilikotoka. Mlango mmoja wa moyo wa Saumu haukufunga sawasawa. Kila moyo uliposukuma damu mbele, nyingine ilirudi nyuma, ikabidi isukumwe tena, na moyo ukafanya kazi ya mioyo miwili hata ukachoka. Watu walisema binti ni mvivu. Mungu awasamehe, kwani hawakujua.

Bi Mishi aliingia na sanda, pamba yake na kafuri yake. Alimkuta Bi Mwanatumu ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa binti yake mapajani, kidole gumba kimekandamiza pale chini ya kiganja. Hakuwa akilia.

"Dada Mishi, rudi na sanda yako," alisema kwa utulivu. "Mwanangu hajafa. Mshipa unadunda."

Bi Mishi alimwonea huruma. Alikwishawaona wafiwa wa kila namna. Akaketi, akaushika ule mkono vilevile alivyoushika mama mtu, gumba likiwa juu, ili tu amridhishe.

Tu. Tu. Tu.

Aliuachia kama aliyeshika kaa la moto. Uso wa Saumu ulikuwa baridi kama mtungi. Taya lilikuwa limeanza kukakamaa, na jicho moja halikufumba vizuri, likabaki wazi kiasi cha uzi. Pumzi haikuwepo. Na bado chini ya ngozi ile ya baridi palikuwa na kitu kinagonga, taratibu, kama mtu aliyefungiwa ndani na hana haraka ya kutoka.

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, Bi Mishi aliogopa. Alitoka nje akawaambia wachimba kaburi waweke majembe chini.

Jua likapanda. Kumzika mtu hai ni kumuua, na kumwacha maiti aharibike kwenye joto ni kumdhulumu. Hakuna aliyejua ni dhambi ipi kati ya hizo iliyokuwa ikitendeka mle ndani. Waliofaa kumgusa Saumu waliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia Bi Mwanatumu alimwonyesha namna ya kushika. Kila mmoja alitoka uso umembadilika. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba Saumu ameondoka, bali kitu kingine kimebaki na mwili. Ubani ukafukizwa, mlango ukaachwa wazi, na watoto wakapelekwa nyumba ya tatu. Bi Mwanatumu hakujali. Wamwite pepo, wamwite shetani, ilimradi anagonga.

Adhuhuri ilipokaribia, Bi Mishi alikuwa ukumbini akiwasikiliza watu wawili. Mmoja alikuwa Mzee Bakari, mjomba wa marehemu, aliyekwisha kuota mvi hadi masikioni. Wa pili alikuwa binamu yake Saumu, msichana wa rika lake, aliyekuwa amepanda mbio kutoka kisimani na ndoo kichwani, akaitua na kuingia moja kwa moja kwa Saumu.

"Unagonga polepole," alisema Mzee Bakari. "Kama mtu anayetwanga naye amechoka."

"Polepole wapi, mjomba?" msichana akasema huku akihema. "Nimeushika sasa hivi. Unakwenda mbio, hata huhesabiki!"

Bi Mishi akainua kichwa. Mkono ni mmoja, mshipa ni mmoja, na watu wameushika kwa kufuatana. Mapigo mawili yametoka wapi?

Alirudi chumbani akashika tena. Safari hii ulikuwa unadunda kwa kasi, kwa kasi ya hofu yake mwenyewe. Akafumba macho, akasoma dua aliyozoea kuisoma kabla ya kuosha, akatulia. Mshipa wa Saumu nao ukatulia.

Maiti alikuwa akimfuata.

Mchi wa kinu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Bi Mishi aliutazama kwa muda, kisha akaufuata. Akaukumbatia kwa kiganja, gumba likaukandamiza ule mti mkavu.

Tu. Tu. Tu.

Akaketi sakafuni. Alibaki hapo kidogo, maana aliloligundua lilikuwa zito kuliko kubeba maiti, na la kumwambia mwenye mwana lilikuwa zito zaidi. Kisha akaupeleka mchi kitandani.

"Mwanatumu, mdogo wangu, shika hapa. Shika kama unavyomshika Saumu."

"Mchi? Unanifanyia mzaha siku kama ya leo?"

"Wallahi sikufanyii mzaha. Shika."

Bi Mwanatumu aliushika kwa hasira. Akakandamiza. Hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Unadunda," alisema.

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Lakini huu ni mti."

"Ni mti."

Kisha mama mtu akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa niliyekuwa naye tangu alfajiri ni nani?"

"Ni wewe," Bi Mishi akamjibu, naye machozi yakimlenga. "Gumba lina mshipa wake. Ulikuwa unajisikia mwenyewe."

Wakamgeuza Saumu wote wawili. Mgongo wake wote ulikuwa mweusi wa zambarau kwa madoa, kwani damu isiposukumwa hutuama chini kama maji kwenye dimbwi. Kila mwosha alikijua kitu hicho, na Bi Mishi angekiona asubuhi ile laiti gumba lisingemtisha. Hapo ndipo Bi Mwanatumu alipolia, kilio kilichosikika hadi kisimani. Saumu alioshwa, akazikwa baada ya alasiri, na mama yake akasema kwa kinywa chake maneno yale ya gumba, ambayo Kidimu hawajayasahau.

Bibi Nimwaka aliutazama mkono wake, ambao mwanafunzi alikuwa bado ameushika.

"Yule binamu wa kisimani ni mimi," alisema. "Haya, mjukuu wangu, nipime upya."

Mwanafunzi aliondoa gumba. Akaweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa upole, juu ya mshipa wa bibi. Akangoja. Akavisogeza kidogo, akangoja tena. Hakusikia kitu. Akamtazama bibi machoni, na damu ikamwenda mbio yeye mwenyewe.

"Tafuta," alisema bibi. "Lakini usijitafute wewe."

Vidole vikashuka kidogo zaidi, na pale vikatulia.

"Nimeupata, bibi. Unakwenda polepole. Na kuna mahali unaruka pigo moja."

"Huo sasa ndio wangu," akasema Bibi Nimwaka, akacheka. "Andika. Apimaye kwa gumba hujisikia mwenyewe."