Kiti cha Mbele Siku ya Fataki

Wapendwa, kwaya imetuimbia vizuri. Sasa funikeni vitabu vya nyimbo mnisikilize kidogo, nataka kuwapa mfano. Watu wa mfano huu msiwatafute mtaani kwenu, wala msigeuke kumwangalia jirani. Nimewatunga mwenyewe jana nikipiga pasi shati hili.

Alikuwepo baba mmoja, dereva wa malori makubwa yanayopeleka mizigo Kongo. Mnaijua kazi hiyo. Mtu anaondoka mtoto anatambaa, anarudi mtoto anakimbia. Baba huyu alikuwa na mke, na kijana wa darasa la tano aliyeitwa Ombeni, na kitinda mimba wa nyumba, binti wa miaka mitatu na kitu. Alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi, hakuwa na nyumba ya pili njiani, na kila aliporudi alikuwa na zawadi kwenye begi.

Akarudi nyumbani kwa Krismasi. Mama akafanya kama mama yeyote wa kwetu afanyavyo mwenye nyumba akirudi safari. Kiti kizuri kikafutwa vumbi. Maji ya kunawa yakaanzia kwake. Jogoo akachinjwa, firigisi ikawekwa kwenye sahani ya baba, na ole wake mtoto atakayeigusa. Si ndivyo tunavyofanya? Tena ni vizuri, kina mama msije mkaacha kwa sababu yangu, nitagombana na wanaume wote wa usharika huu.

Na yule binti mdogo, je? Alilelewa vizuri. Alisogea akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo." Akapokea mwanasesere wake, akasema, "Asante." Halafu akakimbia kujificha nyuma ya kanga ya mama yake, na hakuna neno wala peremende iliyomtoa huko.

Siku ya tatu baba anapita koridoni, akamsikia binti yake jikoni anauliza, "Mama, mgeni anaondoka lini?"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale koridoni na taulo begani, akasahau alikokuwa anakwenda. Hebu mfikirieni mtoto. Kwa akili yake, anayekalia kiti kizuri, anayenawa kwanza, anayekula firigisi, huyo ni nani? Si mgeni? Ndivyo wageni wote wanavyofanyiwa katika nyumba ile. Mtoto hakukosea hesabu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma baba yake.

Basi katika mji ule palikuwa na bustani kubwa ya burudani. Bembea, treni ya watoto, gurudumu linalozungusha watu angani hadi wanakumbuka kutubu. Sikukuu ya pili ya Krismasi, jioni giza likiingia, bustani ile hurusha fataki. Vijana, nazungumzia fataki za moto, si wale wazee wanaohonga wasichana, acheni kuangaliana. Ukilipa kiingilio cha kawaida unakaa nyasini, kule mteremkoni, unatandika mkeka wako mnakula pilau lenu la kwenye hotpoti. Lakini mbele kabisa, nyuma ya kamba nyekundu, kuna viti maalumu. Kila mtu na kiti chake chenye mto, soda baridi mezani, na utepe wa dhahabu mkononi ili walinzi wakujue. Bei yake mama aliposikia, alikaa chini.

"Baba Ombeni," akasema, "fataki zinapasuka juu. Kwani juu kuna kamba?"

"Pale mbele mtoto ataona vizuri."

"Ataona popote. Twende nyasini, tutandike mkeka, umpakate mapajani. Kule kwenye viti yeye atakaa kwenye chake na wewe kwenye chako, mtaangaliana kama mko benki."

 Baba akasema neno ambalo alikuwa amelibeba tangu pale koridoni. "Mama Ombeni, mapajani kwangu hakai. Nimejaribu. Acha basi akae kwenye kiti nilichomnunulia. Nikiondoka, walau atakumbuka kwamba kuna mtu alimpeleka mbele."

Ninyi mngemjibu nini?  Mama alikwenda kupiga pasi gauni la mtoto.

Nataka niwe mkweli kwenu hapa. Msidhani mchungaji anasimama kulaani viti vya mbele. Kama Mungu amekubariki, nunua kiti, wapeleke watoto wako, waone vitu vizuri. Sherehe si dhambi. Yule baba hakukosea kutaka kilicho bora kwa mtoto wake. Alikuwa anatafuta mlango wa kuingilia katika moyo wa bintiye, na mlango wa zawadi ndio pekee alioufahamu. Wangapi humu ndani tunaufahamu huo tu?

Siku ikafika. Wakaingia kwa fahari, tepe za dhahabu zinang'aa mikononi. Baba akapanga watu kwa makusudi. Mama na Ombeni mwisho kule, mtoto hapa, yeye pembeni ya mtoto. Mtoto akakaa wima kwenye kiti chenye mto, miguu haifiki chini, ameshika soda kwa mikono miwili. Baba akamwuliza, "Unafurahi?" Mtoto akasema, "Asante." Lilikuwa jibu la adabu, jibu la ugenini.

Taa zikazimwa. Watu wakahesabu kwa sauti. Na hapo, hatua chache tu mbele yao, fataki ya kwanza ikapasuka.

Ndugu zangu, aliyewahi kukaa karibu anajua. Haukuwa mlio wa kusikia kwa masikio tu. Ardhi ilitikisika, viti vikatikisika, kifua kikagonga kwa ndani. Kile ambacho kule nyasini kilikuwa shangwe, mbele pale kilikuwa vita. Soda ikamwagika. Mtoto akateleza kutoka kitini, akaingia chini ya kiti, akaanza kulia kilio ambacho mzazi yeyote anakijua, kile kisicho na deko ndani yake.

Baba akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mtoto akaupiga ule mkono. "Sitaki! Namtaka mama! Mama!"

Mama alikwisha kusimama, anapita kwenye magoti ya watu. Baba angeweza kusogea pembeni. Lingekuwa jambo la busara, kila siku ndivyo ilivyokuwa. Lakini safari hii alimwangalia mkewe akatikisa kichwa. "Niachie mimi," akasema. Akaingiza mikono yote miwili chini ya kiti, akamtoa binti yake, akamkumbatia kifuani huku anapigwa ngumi za uso, akaanza kutoka.

Pale kwenye kamba alisimama dada mmoja mlinzi mwenye mkasi. Akamzuia. "Baba, ukitoka hapa hurudi. Sheria ndiyo hiyo, nakata utepe."

"Kata, dada."

"Ndiyo kwanza zimeanza! Nzuri zote bado. Umelipa pesa nyingi hivyo."

"Nimesema kata. Na wake kata."

Tepe mbili za dhahabu zikaanguka chini. Baba akavuka mteremko wa nyasi, akapita katikati ya mikeka ya watu, akatoka getini, akaenda mpaka kule nyuma magari yanakoegeshwa, ambako ule mlio ulikuwa umepungua ukawa wa kustahimilika. Akakaa kwenye ukingo wa barabara. Mtoto bado analia, bado anasukuma. Baba akamfunika masikio kwa viganja vyake, viganja vikubwa vya mtu wa usukani, na hakumwambia nyamaza. Wazazi wenzangu, tunapenda sana kusema nyamaza. Unajua alisema nini? Alisema, "Hata mimi nimeogopa."

Mtoto akaacha kusukuma. Akamwangalia. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia kwamba wageni nao huogopa.

"Wewe umeogopa?"

"Sana. Huko barabarani, nikiwa peke yangu, tairi la lori hupasuka. Pwaa! Napiga kelele."

"Kama mimi?"

"Kukushinda wewe."

Mtoto akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo watu wazima tusingeuliza. "Unamwita nani?"

Wapendwa, yule baba alikuwa ameendesha lori milimani kwenye ukungu, alikuwa amekutana na majambazi porini, lakini swali kama hili hakuwahi kuulizwa. Akasema, "Naita jina lako."

Juu ya bustani fataki zikaendelea, ndogo kwa mbali, nyekundu, kijani, za njano zinazodondoka polepole. Mtoto akazitazama kwa jicho moja, upande mwingine wa uso ameuegemeza kwenye shati la yule mtu. Akatazama moja, akatazama ya pili. Kisha akainua mikono yake yote miwili juu, akasema, "Baba, nibebe juu nione."

Baba. Alisema Baba.

Fataki zilipokwisha, mama na Ombeni wakawakuta pale. Ombeni anasimulia kwa mikono na miguu. Binti yuko mabegani, ameshika nywele za baba yake kwa nguvu zake zote na hataki kushuka. Mama akauliza, "Angalau mmeziona?"

"Yeye ameziona," akasema baba. "Mimi sijaona hata moja." Na alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, na hakujifuta.

Sasa najua mnachofikiri. Naona kina mama mnawasukuma waume zenu kwa kiwiko. Mnasema, ahaa, mchungaji anataka kina baba wakae na watoto wao. Ni kweli, baba zangu, kaeni nao. Mpigie mwanao simu leo mchana kabla hujala. Lakini si kwa ajili hiyo niliwaambia mfano huu.

Nawauliza, tangu nimeanza kusimulia, kila mmoja amejiweka wapi? Umejiona ni yule baba, siyo? Mtu mwema, anayejitahidi, asiyethaminiwa. Pole. Wewe si yule baba. Wewe na mimi ni yule mtoto.

Sisi tunamfahamu Mungu kama mtoto yule alivyomfahamu baba yake. Tuna adabu! Jumapili tunamfutia kiti vumbi. Tunampa wimbo mzuri kuliko nyimbo zote, sadaka kwenye bahasha safi, shikamoo ya kuinamisha kichwa. Akitupa kitu tunasema asante, tunapokea, tunarudi kujificha kule tulikozoea kujificha. Kisha ibada ikirefuka tunatazama saa. Mzee wangu pale dirishani, nimekuona, usiifunike kwa mkono. Heshima zote tunampa, tena ni heshima za mgeni, na mgeni hata akipendwa husubiriwa aondoke.

Je, amekasirika? Amerudi zake? Hapana, na hii ndiyo habari njema yangu ya leo. Juzi tu tumeimba humu ndani kwamba alizaliwa zizini. Tuliimba kwa sauti nne, sijui kama tuliyasikia maneno. Yeye alikuwa na kiti ambacho hakuna bei inayokifikia, akapiga magoti, akanyoosha mkono chini ya vile viti tunavyojificha. Wengine wetu tumempiga huo mkono mwaka mzima. Mwaka huu mwingine amefiwa, mwingine kazi imeisha, mwingine ana karatasi ya hospitali kwenye mkoba na hajamwambia hata mwenzake. Ulimpigia kelele, ukasema hayupo. Dada yangu, ndugu yangu, zile ngumi ulikuwa unazipigia wapi? Kifuani pake. Ulikuwa umebebwa tayari.

Yule mtoto hakumjua baba yake kwa kukalishwa mahali pazuri. Alimjua siku alipolia kwa kweli, na akakuta kwamba aliyembeba hamwachi. Nami nawaambia, hofu uliyoingia nayo humu leo, ile uliyoivalisha nguo nzuri ya Jumapili isionekane, inaweza kuwa ndiyo mahali utakapomjua Mungu kwa mara ya kwanza. Mwaka unaokuja utakuwa na kelele zake, sikudanganyi. Lakini hutauingia kwa miguu yako peke yako.

Simameni tuombe. Leo naomba tuache kidogo zile sala zetu za kukariri, zenye vyeo vingi na maneno ya kumkaribisha kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Kila mtu afumbe macho, amwambie kwa sauti yake mwenyewe, hata kama ni ya kutetemeka, kitu kimoja anachokiogopa. Aanze kwa neno moja tu, aseme, "Baba."