Sauti ya Nakijwa na Deki Mpya

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini bali zamani ya juzi tu, televisheni zilipokuwa bado na chogo, aliishi huko milimani Upare mwanamume aitwaye Eliakunda. Mkewe, Nakijwa, alikuwa amekufa.

Nakijwa aliacha mtambo wa sinema ya nyumbani: amplifaya nzito na spika za mbao za mninga zilizofika kiunoni, vyote alivinunua kwa tangawizi aliyoilima mwenyewe. Aliacha pia diski moja. Ilirekodiwa kwenye kichen pati ya mpwa wake, ambako mwanamume haingii. Huko Nakijwa alisimama kumfunda bibi harusi, akamtaja mumewe, na wanawake wakarudi wakimtazama Eliakunda kwa pembe ya jicho.

"Ulisema nini juu yangu?" alimwuliza.

"Deki ya kuchezea diski imeharibika; ikitengenezwa utasikia."

Deki haikutengenezwa. Nakijwa akaugua, akafa. Eliakunda akawauliza wale wanawake, nao wakamjibu kwamba ya ndani hayatoki nje. Neno likabaki kwenye diski.

Ilipokaribia siku ya kumaliza matanga, akawaita watoto wake, Sifaeli na Elineema, na shemeji yake Kiangi, kaka wa marehemu. Wote watatu walikuwa wameshautupia mtambo jicho, udongo wa kaburi haujakauka.

"Mnautaka," akasema. "Haya. Atakayenisikizisha sauti ya Nakijwa, auchukue."

Sifaeli akaleta deki mpya kutoka mjini, nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Walipoigeuza, nyuma ilikuwa na tundu moja tu, bapa. Mtambo wa mama yake ulitaka waya za rangi: ya njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti.

"Mpwa wangu," Kiangi akamwambia, "umeleta bwana harusi bila kuuliza kama bibi harusi anamtaka."

Elineema akaleta kigeuzi, kisanduku kidogo cha kuunganisha tundu jipya na waya za zamani. Alipoifuta diski kwa kanga, akaona ufa mwembamba kama unywele, karibu na tundu la katikati.

"Baba, tungetoa nakala kwanza."

"Haitoki humu ndani. Mama yako naye alitoka kwenda kutibiwa, akarudi kwenye jeneza."

Elineema hakuutaja ufa. Angeutaja, diski isingewekwa, na mtambo asingeupata.

Picha ikaja. Nakijwa akasimama mbele yao na kitenge chake cha kijani, midomo ikicheza, sauti hakuna. Eliakunda akasogeza kigoda hadi karibu na kioo cha televisheni. Alijaribu kuisoma midomo ile aliyoishi nayo ujana na uzee. Hakuweza.

Ndipo Kiangi akainuka. "Matundu hayo ya sauti yaliungua kwa radi. Dada alikuwa akitumia yale ya kaseti."

"Ulijua tangu mwanzo, mjomba?" Elineema akamwuliza.

"Hamkuniuliza."

Akahamisha waya mbili, akageuza kitufe. Spika zikakohoa, na Nakijwa akasema:

"Mwanangu, mimi mume wangu ana jambo moja ambalo sijapata kumwambia..."

"Mtambo wangu huo," Kiangi akasema. "Sauti nimeitoa mimi."

"Uitoe wapi? Bila deki yangu ungewasha nini?" Sifaeli akasema.

"Na bila kigeuzi changu, deki yako si ingekuwa ya kufunikia sufuria?" Elineema akasema.

"Tangawizi aliyouza dada yangu niliibeba mimi kichwani."

"Mama ni wetu."

"Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yenu."

Spika za mninga, ambazo zamani zilisikika hadi ng'ambo ya bonde, zikafunikwa na kelele zao. Eliakunda akainua mkono, hakuna aliyeuona. Hakupaza sauti, maana kupaza kungekuwa kumfunika Nakijwa mara ya pili. Kwenye kioo wanawake walicheka, kisha mmoja akajifuta machozi.

Ndani ya deki kitu kikalia kama karanga inayomenywa. Kioo kikawa buluu. Sifaeli akafungua, akatoa diski vipande vipande.

"Deki yako inazungusha kama mashine ya kusaga," Kiangi akamwambia.

"Mimi nilileta deki tu. Sikuunganisha chochote."

"Mimi nilileta kisanduku tu," Elineema akasema. "Na nilisema itolewe nakala."

"Mimi nimehamisha waya mbili tu."

Waliokuwa wamefanya yote, sasa kila mmoja alikuwa amefanya kidogo.

Eliakunda alikusanya vipande kwenye kiganja. Elineema akamtazama. "Baba, ungetuita tukusaidie, tungekuja. Ulituita tushindane."

"Mngekuja?" akamwuliza.

Sifaeli akainama kuchomoa waya za deki yake.

Matanga yamekwisha na mtambo bado uko sebuleni. Ahadi ni ahadi: sauti aliisikia, ingawa ni sentensi moja isiyokuwa na mwisho. Aliyeleta deki yupo. Aliyeleta picha, akaficha ufa, yupo. Aliyetoa sauti, kisha akawa wa kwanza kuifunika, yupo. Na yupo aliyeifanya sauti ya marehemu kuwa kitu cha kushindaniwa.

Nanyi mliokaa mkasikiliza bila kukatizana, semeni: je, nani alistahili mtambo? Nani alistahili lawama? Na mkiona lawama ni ya Eliakunda, ni nani kati yenu atakayekwenda kumwambia?