Aliyesikiliza Vyungu

Ngo. Sauti moja katika usiku, kisha kimya, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anangoja.

Mama mmoja alikuwa na watoto wawili, na alipoulizwa alijibu, "Mmoja." Aliitwa Nakundwa, mfinyanzi. Huyo mmoja aliyemhesabu ni binti yake, Naelijwa, aliyembebea vyungu kwenda gulioni. Yule mwingine alikuwa mwana wake mkubwa. Akili yake ilitembea polepole kuliko za wenzake, na yalikuwapo majuma ambayo moyo wake uliingia giza, asile, asimtazame mtu. Alipozaliwa alipewa jina zuri, watu wakala wakafurahi. Alipofika miaka saba, bibi yake akasema, "Watu wakijua, nani atapikia chungu kilichotoka nyumba ya mwehu?" Tangu siku hiyo mlango wa chumba cha nyuma ukatiwa komeo, na jina likafungiwa humo humo. Nyumbani aliitwa Huyo. Huyo amekula? Huyo amelala? Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa na adabu ya kutouliza.

Usiku, watu walipolala, alifunguliwa atembee uani. Hapo vilipangwa vyungu vilivyotoka motoni. Aliinama kwa kila kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, akasikiliza. Kilicholia ngo alikiacha. Kilichojibu kwa sauti butu alikibeba kwa mikono miwili, taratibu, kama abebaye mgonjwa, akakiweka kando ya mlango wake. Mwanzoni Nakundwa hakuelewa. Akauza kimoja cha vile vya mlangoni, nacho kikapasuka jikoni kwa mnunuzi, mchuzi wa maharage ukazima moto. Hakurudia. Kwa miaka kumi na minne aliuza vile tu ambavyo mwanawe alivikubali, na hakuna aliyerudi kulalamika.

"Nakundwa, umefuga jini huko ndani?" wanawake wa gulioni walimtania.

"Ni mikono tu, wenzangu," akajibu, akacheka nao. Alizipokea sifa, akaenda nazo nyumbani, na hazikumshibisha.

Siku moja mchana akaja mwanamke wa ng'ambo ya mto, jina lake Nambike, pamoja na ndugu zake, wakiimba. Alikuwa amemwoza binti yake. Vyakula vya siku tatu vilipikwa katika vyungu ishirini vya Nakundwa, na hata kimoja hakikuvuja. Mkononi alishika kanga mpya, aje amfunike mabegani mtu aliyemsitiri mbele ya wakwe. Lakini Nambike mwenyewe alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Kabla ya kuikunjua ile kanga alikigonga chungu kimoja pale uani, akatega sikio.

"Mikono ni yako, dada, hilo sibishi. Ila marehemu mama alikuwa fundi kama wewe, na kila alipochoma, vitano viliwapasukia watu. Mfinyanzi hausikii ufa wa chungu chake, anakipenda mno. Nani anakusikilizia?"

Nakundwa akafungua mdomo aseme, "Ni mimi." Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini asubuhi ile Naelijwa, aliyechoka kumtaja kaka yake kwa minong'ono, alikuwa ameling'oa komeo. Mlango wa nyuma ukasukumwa kutoka ndani. Mwana akatoka mchana kweupe, kiganja usoni kuukinga mwanga. Wimbo ukakatika. Hakumtazama mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kile chungu alichokigonga mgeni, akainama, akakigonga naye. Ngo. Akakiacha mahali pake, akatabasamu.

Ndugu zangu, ni rahisi kumhukumu mama huyu. Lakini sisi tulioshiba kutoka katika vyungu vile, nani kati yetu aliwahi kuuliza?

Nambike akampita Nakundwa. Akamwendea yule kijana, akasimama mbali kidogo asimshtue, akangoja mpaka kijana mwenyewe aliposogea. Kisha akamfunika ile kanga mabegani. Kanga ni vazi la wanawake, lakini hakuna aliyecheka. Kijana akaishika pindo, akaipapasa kwa kidole kama anayetafuta ufa, asiuone.

"Kwetu mtu hafunikwi kanga bila kutajwa jina," Nambike akasema, machozi yakimlenga. "Dada, watu wangu wamekula wakashiba. Tumshukuru nani?"

Nakundwa akamtazama binti yake. Akautazama mlango ulio wazi. Jina lilikuwa limekaa kifuani miaka kumi na minne, naye alidhani limepasuka zamani. Akaligonga taratibu ndani kwa ndani, akasikia kwamba bado ni zima.

"Ni mwanangu," akasema. "Mwanangu wa kwanza. Jina lake Shukuru."