Jina Lenye Harufu ya Gunia

Wahenga waliposema kwamba jina jema hung'aa gizani, hawakuwa na maana ya jina linalopendeza masikioni. Majina matamu yapo tele, na wengi wa wenye majina hayo huwezi kuwaachia hata kuku mmoja wakuchungie. Maana yao ilikuwa sifa. Mtu akitenda wema, jina lake huendelea kutembea hata pale ambapo miguu yake haifiki, na siku mambo yakimwia giza, jina hilo hummulikia njia. Asiyeamini na asikilize habari za mzee Mburu wa Ruiru.

Ulikuwa mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Mzee Mburu na jamaa zake walikuwa wameondolewa shambani mwao na kusongamanishwa na wengine katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Kutoka kulihitaji kibali na kurudi kulihitaji kibali. Lakini mimba haingoji kibali cha mtu. Katika kijiji hicho Wamboi, mke wa Kagwe, mwana wa mzee huyo, alijifungua kifungua mimba wake, mtoto wa kiume. Wanawake wakapiga vigelegele vitano kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kiume, kisha wakangoja kusikia jina.

Kwa kweli hapakuwa na cha kungoja. Desturi ya Wakikuyu haina maswali: mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Basi mtoto alikuwa Mburu, kwisha maneno. Hata hivyo siku tano zilipita bila Wamboi kulitamka jina hilo. Alimwita mwanawe "huyu" na "kijana wangu", na majirani wakaanza kunong'onezana.

Wamboi hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Marehemu Wainaina, kaka yake Kagwe, naye alimwita mwanawe wa kwanza Mburu. Kijana huyo wa miaka kumi na minane alikuwa amepata kazi Thika, katika kiwanda cha kutia mananasi mikebeni. Wiki sita kabla ya Wamboi kujifungua, askari waliwapanga wafanyakazi mstari. Mtu aliyevishwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao awatambue waasi. Karani akaita, "Mburu Wainaina!" Kijana akaitika kwa adabu kama alivyofunzwa nyumbani. Gunia likainama mara moja, naye akatiwa garini.

Mburu Wainaina walikuwa wengi nchini, na aliyetafutwa hakuwa huyu. Kagwe alikwenda mara mbili katika kambi ya Thika alikofungwa kijana kulieleza jambo hilo, na mara zote mbili alirudishwa langoni kwa maneno yaleyale: "Jina iko kwa kitabu."

Siku ya sita Wamboi alipiga moyo konde. Aliketi karibu na meko, mtoto akiwa kifuani. Mumewe alikuwapo, na mzee Mburu pia, pamoja na mkewe Njambi.

"Baba," alimwambia mkwewe kwa sauti ya chini, "naomba mtoto aitwe Mukuha."

Mzee aligutuka. Mukuha kwa Kikuyu ni shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Kwa miaka ishirini mzee alikuwa ameshona midomo ya magunia katika kiwanda cha kahawa pale Ruiru, na wenzake walikuwa wamemtania kwa jina la chombo chake hata wakamsahau Mburu kabisa.

"Hilo si jina," alisema. "Hilo ni utani wa wapagazi. Mjukuu mwenye jina langu yuko kambini. Wataka nife bila wajina?"

"La, Baba. Akiitwa Mukuha ni wewe, akiitwa Mburu ni wewe. Lakini Mburu ulipewa, na Mukuha ulijichumia kwa mikono yako. Na katika vitabu vyao Mburu wamejaa. Mmoja wetu amekwisha kumezwa. Sitaki kumzaa wa pili wa kumezwa."

Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, nayo yalielekea motoni bila kuuona vizuri.

"Mwanangu," alisema, "jina hilo lina harufu ya gunia. Zamani gunia lilikuwa la kahawa. Leo ni kofia ya msaliti. Watoto wakiniona hujifunika mikono usoni, wakachungulia kati ya vidole kama kwenye matundu ya gunia, wakacheka. Nimrithishe mtoto mchanga kicheko hicho?"

Uchungu wa mzee ulikuwa huo, na hakuwa amewahi kuutoa mbele ya mtu. Kagwe aliinamisha kichwa. Alimpenda baba yake, alimpenda mkewe, na siku hiyo hakujua amsikilize nani.

Njambi ndiye aliyeukata mzizi wa fitina. "Mimi niliolewa na Mukuha," alisema akichochea moto. "Kina dada walinipongeza kwa kumpata Mukuha. Huyo Mburu nilikuja kumjua baadaye, na ndiye mwenye makelele."

Kagwe akacheka bila kutaka, kisha akasema, "Basi na aitwe Mukuha."

Mzee hakupinga tena, lakini hakukubali pia. Tangu siku hiyo kila mtu alimwita mtoto kwa jina lake isipokuwa babu yake. Kwa desturi mzee angepaswa kumpakata wajina wake na kumtania kama rika lake. Yeye alipita kando, na jambo hilo lilimuuma Wamboi kama mwiba kidoleni. Alianza kujiuliza kama hakumnyang'anya mzee kitu ambacho hangeweza kumrudishia.

Mtoto alipotimiza mwezi, kibali cha tatu cha kwenda Thika kilipatikana. Safari hii Kagwe hangeweza kuacha kazi yake machimboni, kwa sababu siku hizo aliyekosa kazini alihesabiwa yuko msituni na waasi. Mzee akasema atakwenda mwenyewe kumwombea mjukuu wake. Kwa kuwa macho hayakumfaa, Wamboi alimshika mkono na kumbeba mtoto mgongoni.

Langoni mwa kambi, chini ya kibanda cha mabati, aliketi karani Mkamba wa makamo. Aliandika bila kuinua kichwa.

"Jina ya mzee?"

"Mburu."

"Mburu, Mburu! Leo nimeandika Mburu mpaka mkono imechoka. Unataka nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu, Mburu wa Wainaina. Si yeye mnayemtaka."

"Jina iko kwa kitabu, mzee. Kila mtu hapa anasema si yeye." Akaandika la Wamboi, kisha akaelekeza kalamu mgongoni kwake. "Na huyo mdogo? Hapa kila kichwa inaandikwa."

"Mukuha," alisema Wamboi.

Kalamu ikasimama. Karani akainua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Mukuha? Hiyo jina mmetoa wapi?"

"Ni ya babu yake, huyu hapa."

"Mimi nilijua Mukuha mmoja tu. Yule wa gunia."

Mzee Mburu alisikia neno gunia, akarudi nyuma hatua moja. Alidhani aibu aliyoikimbia kijijini imemtangulia Thika. "Ni mimi, bwana," alijibu. "Lakini gunia zangu zilikuwa za kahawa. Mimi sijafunika mtu kichwa hata siku moja."

Karani alisimama, akazunguka meza, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili. "Mzee Mukuha! Ni mimi Nzomo. Nzomo mpakiaji, yule wa Machakos!"

Miaka mingi nyuma, Nzomo alikuwa mpakiaji katika kiwanda kile cha Ruiru, kijana mgeni asiye na ndugu wa kumtetea. Siku moja gunia lilipatikana ghalani limejaa makapi badala ya kahawa. Nyapara akamnyoshea Nzomo kidole, na askari wakaitwa. Mukuha angeweza kunyamaza, maana halikumhusu. Badala yake aliliinamia gunia, akaupapasa mdomo wake, akasema mbele ya wote, "Mshono huu si wangu. Mimi huanzia kushoto na kumalizia kwa mafundo mawili. Hapa fundo ni moja. Gunia hili limefunguliwa na kushonwa upya, na Nzomo hajui kushona." Uchunguzi ukamgeukia nyapara mwenyewe. Nzomo akaachiliwa, ila rafiki za nyapara walimfanyia Mukuha vitimbi mpaka siku alipoacha kazi.

Nzomo alirudi mezani, akafungua kitabu kikubwa na kukisoma polepole, kama mtu anayeutafuta mshono.

"Mburu Wainaina anayetafutwa hapa ni mtu ya miaka thelathini na tano. Mkono ya kushoto imekatika kidole moja. Kijana yenu iko na vidole ngapi?"

"Kumi," alijibu Wamboi. "Zote iko."

Kwa wiki kumi hakuna mtu aliyekuwa amevihesabu. Jina lilikuwa limetosha.

Nzomo alijua hatari ya karani kumsemea mfungwa. Waliothubutu kabla yake walijikuta wamesimama katika mstari uleule wa watuhumiwa. Alikaa kidogo na kitabu kile mkononi, akamtazama mzee, kisha akakitia kwapani na kuelekea ofisi ya mzungu mkuu wa kambi. Wamboi na mkwewe waliketi chini kumngoja. Jua likapanda, mtoto akalia, akanyonya, akalala.

Ilikuwa yapata saa tisa lango lilipofunguliwa. Kijana akatoka, amekonda, shati lake lingewatosha wawili kama yeye, lakini alikuwa akitembea mwenyewe. Alimsalimu babu yake kwa sauti iliyokatika, kisha akamwona mtoto.

"Guka," alimwuliza babu yake, "na huyu ni nani?"

Wamboi alimgeukia mkwewe. Hilo halikuwa swali la kujibiwa naye.

Mzee alinyosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kiganja cha mtoto, akakihesabu kidole kwa kidole hadi cha tano. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakujali anayemwona.

"Huyu," alisema, "ni Mukuha. Ni wajina wangu. Mlete hapa, mama, nimbebe mwenyewe."

Wakaishika njia ya Ruiru kabla ya firimbi ya jioni ya kukataza watu kutembea, kijana akimwongoza mzee, na mzee akimtania mtoto njia nzima kwa jina lile alilokuwa amelionea haya. Utani wa wapagazi ulikuwa umeingia kambini na kumtoa mtu, mahali ambapo vibali viwili na maelezo ya Kagwe havikuweza. Hakika, jina jema hung'aa gizani.