Kiboko Aliyejiita Mwenyewe

"Nikiita, mtaitika?"
"Tutaitika!"
"Nisipoita?"
"Tutakuita sisi!"
"Hapo sasa, nani ameita na nani ameitika?"
"Hatujui!"
"Hata mimi sijui. Sogeeni karibu, ngano ianze."

Palikuwa na mto mpana wenye kelele. Shwaaa! Shwaaa! Mnyama akimwita ndugu yake aliye ng'ambo, sauti yake ilifika katikati ya maji, ikazama. Sauti moja tu ndiyo iliyovuka, sauti ya Kiboko, na masikio yake tu ndiyo yaliyosikia majibu ya ng'ambo. Mbuuu! Basi Kiboko akajifanya mwenye njia. Ukitaka kumwita mtu wa ng'ambo, unamwendea yeye, naye anakuitia. Na wakati wote wa wito, anakula shamba lako. Shamba lake mwenyewe la maboga, pale kando ya mto, haligusi.

Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawemawe asiye na mkia, alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Kijino. Kijino alikuwa anaota jino. Nyee! Nyee! Hanyamazi, hatulii. Pimbi hakujua la kufanya. Akasema moyoni, "Mama yangu yuko ng'ambo, yeye atajua." Lakini alikuwa na matuta machache tu ya kunde, pale kando ya mto. Kunde hizo ndizo zilizompa maziwa, na maziwa ndiyo chakula cha Kijino.

Akaenda, mtoto mgongoni, akasimama mwisho wa foleni ya wanaotaka kuitiwa. Zamu yake ilipofika, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Nani ameongea? Au ni mchwa?"

"Ni mimi, Mama Kijino. Naomba uniitie mama yangu. Ila sielewi vizuri. Unaanza kula ukiita, au ukiitikiwa?"

"Nikiita! Nani anaita na njaa?"

"Na asipoitika?"

"Naita tena."

"Na asipoitika tena?"

"Nakula, nikingoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aitike, mzungumze, kisha aseme kwaheri."

Pimbi akakuna sikio. "Asiyeitika atasemaje kwaheri?"

"Ndiyo maana nangoja," akasema Kiboko, akacheka mpaka tope likatikisika. "Sikiliza, we Mama Kijino. Kutafuna kwangu ndiko kunakoshika njia. Nikiacha kutafuna, wito unakufa. Na wito uliokufa bila kwaheri unaziba njia, hakuna mwingine atakayeita mpaka uitwe upya na kumalizwa. Umeelewa?"

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Tuanze."

Kiboko akaita: "Mbuuu! Bibi Kijinooo!" Akang'oa kunde. Kwachu, kwachu. Ng'ambo kimya.

Kiboko akaita: "Mbuuu! Bibi Kijinooo!" Kwachu, kwachu. Ng'ambo kimya.

Tuta moja likaisha. Kiboko akaingia la pili. Pimbi akakimbilia mbele yake. "Basi, Mzee, nimeghairi. Funga wito."

"Aliyeita hafungi. Anayefunga ni aliyeitwa."

"Lakini aliyeitwa hayupo!"

"Basi hajafunga." Kwachu, kwachu.

Kichwa cha Pimbi kikazunguka. Kumbe alikuwa amefungua mlango ambao kitasa chake kiko upande wa pili, na upande wa pili hakuna mtu. Akageuka huku, akageuka kule. Kijino naye, nyee! nyee! Pimbi akaanza kuuliza tu, ili Kiboko atafune polepole.

"Mzee, mtu asipoitika, hawezi kuitwa mwingine badala yake?"

Kiboko akasimamisha masikio. Wito mpya una tonge lake la kufungulia, na tonge la kufungulia huwa kubwa. Akasema haraka, "Anaweza! Wa kwanza unahesabika umefungwa, na mimi nauhamisha kwa mwingine. Nimhamishie nani?"

Pimbi akafikiri. Ni nani aitikaye upesi? Watu wa ng'ambo wote walikuwa wazito. "Labda wewe, Mzee. Wewe uko hapahapa."

Kiboko akafurahi. Kazi nyepesi kama hiyo hakuwahi kupewa. Akapanua kifua. "Nauhamisha! Mbuuu! Kibokooo!" Akanyoosha shingo kwenye kunde.

"Samahani, Mzee," akasema Pimbi. "Nimechanganyikiwa tena. Wito uliohamishwa ni wa nani? Wa aliyeomba, au wa aliyehamisha?"

"Wa aliyehamisha! Hata mtoto anajua hi..." Kiboko akabaki kinywa wazi: mwenye wito ndiye anayeliwa shamba, na aliyehamisha ni yeye.

Nyuma kwenye foleni, Bi Kanga akaruka juu. "Kwe-kwe-kwe! Ndiyo! Nilimwita dada yangu, jirani yake akauhamisha wito kwa shangazi, nawe ukavuka mto ukamlia huyo jirani mihogo yake yote! Sasa mbona unanyoosha shingo kwenye kunde za watu? Kama sheria imebadilika, irudishe mihogo!"

"Irudishe!" foleni nzima ikadakia.

Kiboko akatazama foleni. Nyuma ya kila mnyama aliona shamba nono. Akivunja sheria yake, nani atamlisha kesho? Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye shamba lake la maboga. Akang'ata boga. Kwachu! Kisha akaitika, "Mnaamm!"

"Haihesabiki!" akapiga kelele Bi Kanga. "Umeitika na boga mdomoni! Dada yangu aliitika na punje moja tu, ukasema mdomo wenye chakula haujaitika!"

Kiboko akameza haraka. "Naam!"

"Mzee," akasema Pimbi taratibu, "umeacha kutafuna. Wito si umekufa?"

Kiboko akaguna. Ulikuwa umekufa, na njia imeziba. Akaita upya: "Mbuuu! Kibokooo!" Akang'ata boga. "Mnaamm!" Haihesabiki. Akameza. "Naam!" Umekufa. Akaita upya.

Hapo Pimbi akaona jambo la ajabu: kuchanganyikiwa kwake kulikuwa kumehama kama upele, kumetoka kichwani mwake na kuingia katika kile kichwa kikubwa. Kichwa chake mwenyewe kikawa chepesi. Akatabasamu, akainama.

"Mzee, hebu nieleze tena toka mwanzo. Mimi mjinga."

Na Kiboko akaeleza. Akaeleza akila, akala akiita, akaita akimeza, mpaka boga la mwisho likaisha, na majani yake, na mashina yake. Akabaki katikati ya shamba tupu, kinywa wazi kabisa, ili watu waone kwamba hakina kitu.

Pimbi akachuma kunde zilizobaki, akaenda nyumbani. Mlangoni akamkuta mama yake, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amezunguka mto kwa juu, kule milimani.

"Mama! Tumekuita, mbona hukuitika?"

"Nimewasikia. Lakini niitike kisha niseme nini, ilhali nilikuwa tayari njiani nakuja? Mlete huyo mtoto." Akamtia kidole Kijino mdomoni, akasugua ufizi. Nyee... nye... kimya.

Na mpaka leo ukimwona kiboko majini amepanua kinywa, ujue anajaribu kuita na kuitika kwa pamoja.

Hapa ngano yangu imelala, msiikanyage mkia. Funzo lake ni hili, wanangu: mtu asipokuelewa usimkasirikie. Mweleze tena, na tena, kwa upole, mpaka aelewe. Hakuna aliyewahi kupata hasara kwa kueleza, ila Kiboko.